Klamidia kwa wanawake: UTI isiyoisha, mume asiye na dalili, na vidonge vitatu vya kugawana

Mhudumu_Kibirizi

Habari za kazi, wadau. Natafuta msaada wa wenye ujuzi. Kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma, wameomba kikao kijacho tuzungumzie klamidia, ule ugonjwa wa zinaa. Mada wameichagua wenyewe. Jina wamelisikia, ila kila mmoja ana lake: huyu anasema ni UTI iliyokomaa, yule anasema ni fangasi ya ndani, mwingine anaiita gono ya kike.

Niliwaomba waandike maswali kwenye vikaratasi bila majina. Yaliyojirudia ni haya, nayanakili kama yalivyo:

"Nimetibiwa UTI mara tatu mwaka huu na bado naambiwa mkojo mchafu. Dawa ni mbovu au ni ugonjwa mwingine?"

"Mume wangu hana dalili yoyote. Kwa nini naye ameze dawa? Na kama hana, mimi nimeipata wapi?"

"Tulinunua azuma tukameza wote wawili, baada ya mwezi mambo yakarudi. Imekuwa sugu?" (Azuma ni azithromaisini.)

"Ni kweli inaziba mirija ukawa mgumba?"

"Mjamzito akiwa nayo mtoto anadhurika?"

La kwangu mimi ni kipimo. Mtu akienda hospitali aombe kipimo gani, na achukuliweje? Naomba mnijibu kwa undani, mimi nitapunguza nikiwa mbele yao. Akina mama hawa ukiwaambia "nendeni hospitali" ukaishia hapo, wanakuona hujui kitu.

---

Fundi_Darubini (maabara, Tabora)

Dada, nianze na karatasi ya mkojo, maana hapo ndipo kosa linapozaliwa.

Kijiti kinachochovywa kwenye mkojo kina vimiraba vya rangi. Hapa tunaangalia viwili: cha leukosaiti, yaani chembe nyeupe za damu, na cha naitraiti. Bakteria wengi wa UTI ya kawaida, E. koli akiwa wa kwanza, hugeuza naitreti iliyomo kwenye mkojo ikawa naitraiti, na hapo kimiraba kinakuwa cha waridi. Klamidia hana uwezo huo. Yeye anauchokoza mlango wa kizazi, mara nyingine na mrija wa mkojo, mwili unaleta askari wake, na askari hao ndio tunaowasoma kama leukosaiti. Kwa hiyo karatasi yenye leukosaiti nyingi na naitraiti hasi, kwa mwanamke ambaye ameshatumia dawa za UTI mara mbili tatu, isigongwe muhuri wa "UTI" kwa mara ya nne bila mtu kufikiri. Naitraiti hasi peke yake haiifuti UTI, hasa kama mkojo haujakaa kibofuni hata saa 4. Lakini mkojo ukioteshwa na hakuna kilichoota, na chembe nyeupe zimejaa, sababu itafutwe mahali pengine. Klamidia haoti kwenye sahani za kawaida za maabara kwa sababu anazaliana ndani ya seli hai tu. Kwa darubini ya kawaida pia hutamwona. Utaona hamira ya fangasi, utaona trikomonasi, kijidudu kingine cha zinaa, akiogelea, klamidia humwoni. Mtu akikuambia amemwona klamidia kwenye mkojo kwa darubini ya zahanati, mshukuru uondoke.

Sasa kikopo. Mkojo wa kupima UTI na mkojo wa kupima klamidia huchukuliwa kinyume kabisa, na wengi wanaharibu hapa.

Wa UTI: unajisafisha kwa maji, unatenganisha mashavu ya uke kwa vidole, unauacha wa mwanzo uende chooni, unakinga wa katikati. Usipofanya hivyo majimaji ya ukeni yanaingia kikoponi na chembe zake, mkojo unasomeka mchafu hata kama kibofu ni kisafi. Sehemu kubwa ya hizo "UTI sugu" ni majimaji ya ukeni yaliyoingia kikoponi.

Wa klamidia: usiwe umekojoa kwa muda usiopungua saa 1, usijisafishe, na ukinge ule wa mwanzo kabisa, mililita 20 hadi 30, kisha uache. Ukikinga wa katikati umeshawamwaga chooni wale unaowatafuta.

Ila kwa mwanamke mkojo ni chaguo la pili. La kwanza ni pamba ya ukeni, na anaweza kujichukulia mwenyewe akiwa nyuma ya pazia, jibu likawa zuri sawa na akichukuliwa na daktari. Ananawa mikono, anashika kijiti katikati bila kugusa kichwa cha pamba, anakiingiza kama sentimita 5, anakizungusha taratibu kwa sekunde 10 hadi 30 huku kikigusa kuta, anakitoa moja kwa moja hadi kwenye chupa yake, anakivunja pale penye alama na kufunga. Pamba ikigusa paja au meza, achukue mpya.

Jina la kipimo ni kipimo cha vinasaba. Mashine za GeneXpert mnazozijua kwa kifua kikuu zinaweza kukifanya, jibu likatoka kwa takribani dakika 90, na katriji moja, yaani kile kikasha cha kipimo kinachoingizwa kwenye mashine, inasoma klamidia na kisonono kwa pamoja. Katriji hiyo si ile ya kifua kikuu, kwa hiyo kuwepo kwa mashine si kuwepo kwa kipimo. Kabla mtu hajapanda gari kutoka Uvinza au Buhigwe, apige simu maabara ya hospitali aulize neno moja: katriji ya klamidia ipo?

Kuna viwili vya kuwaonya nao. Cha kwanza ni kipimo cha damu cha kingamwili za klamidia. Kinaonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana naye, labda miaka mitano nyuma, hakisemi kama yupo leo, na watu wanatibiwa kila mwaka kwa karatasi hiyo. Cha pili ni vile vipimo vya haraka vyenye mistari kama vya ujauzito. Mstari ukitokea kuna uzito, lakini usipotokea usitulie, vinawakosa wagonjwa wengi.

---

Tabibu_wa_Nzega

Fundi amemaliza kikopo, mimi niingie mwilini.

Klamidia ni bakteria mwenye maisha ya sura mbili. Anapoambukiza ni punje ndogo ngumu isiyokula wala kukua. Ikiingia ndani ya seli ya mlango wa kizazi inajifungia kwenye kifuko, inabadilika na kuanza kugawanyika, na baada ya siku 2 hadi 3 seli inapasuka na kumwaga punje mpya kwa mamia. Maisha hayo ya kujificha ndiyo yanayoeleza mambo mawili akina mama wanayoyashangaa. Kwanza, ukimya wake: kati ya wanawake 10 wenye klamidia, 7 au zaidi hawana dalili yoyote. Pili, kwa nini dawa nyingi hazimpati: dawa lazima iwe na uwezo wa kupenya ndani ya seli, na ikae muda wa kutosha kuzikuta punje zilizokuwa zimelala.

Dalili zikija, huja wiki 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa: majimaji ya rangi ya njano, damu baada ya tendo la ndoa, matone ya damu katikati ya mwezi, mkojo kuchoma, maumivu chini ya kitovu. Angalia kisichokuwemo: kuwashwa. Muwasho na uchafu mweupe mzito kama mtindi ni fangasi. Povu lenye rangi ya kijani na harufu, mwelekeze kwenye trikomonasi. Harufu kama shombo ya samaki, hasa baada ya tendo, ni kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa uke, na kwa kawaida hakuhesabiwi kati ya magonjwa ya zinaa. Kwa watu wa mwaloni nafafanua: shombo ya ukeni, si ile mnayorudi nayo kazini.

Dalili ninayotaka uisisitize ni damu baada ya tendo. Mlango wa kizazi wenye klamidia ni mwekundu na laini, ukiugusa kwa pamba unatoa damu, na pamba iliyoingizwa kwenye tundu lake ukiiinua kwenye mwanga inatoka na rangi ya njano. Hayo huyaoni bila spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke. Mwanamke akisema "natokwa damu tukimaliza", akiandikiwa dawa ya UTI bila kulazwa kitandani na kutazamwa, kazi haijafanyika. Na akitazamwa apimwe na saratani ya mlango wa kizazi papo hapo, maana nayo huanza hivyohivyo.

Pale vipimo visipokuwepo, nchini kwetu magonjwa ya zinaa yanatibiwa kwa kufuata dalili: mtoa huduma anafuata chati na kutoa dawa zinazogusa vijidudu kadhaa kwa pamoja. Njia hii si ya kubezwa. Utafiti uliofanyika vijijini Mwanza na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa kuboresha matibabu ya aina hiyo kwenye vituo kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Lakini kwa klamidia ya wanawake ina matundu mawili. Asiye na dalili haji, hivyo chati haimhusu. Na wengi wanaokuja na uchafu ukeni wana fangasi au bakteria waliovurugika, wanameza dawa za gono na klamidia wasizozihitaji. Ndiyo maana mwanamke akiambiwa ana klamidia kwa uchafu tu, bila kipimo, ana haki ya kuuliza imejulikanaje.

Mirija. Ndiyo, inaweza kuziba. Asipotibiwa, mdudu anaweza kupanda kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye mji wa mimba na mirija, ndiyo PID mnayoisikia. Hutokea kwa wanawake takribani 10 hadi 15 kati ya 100 wasiotibiwa. Ndani ya mrija kuna vinyweleo vinavyolisukuma yai. Uvimbe unaviharibu, kovu linabana njia. Mirija yote miwili ikiziba, mimba haitungi. Mrija ukibaki na upenyo mdogo, mbegu zinapita lakini yai lililorutubishwa linakwama humo, na hiyo ni mimba nje ya kizazi. Dawa inaua mdudu, haifuti kovu. Na kila akiambukizwa upya hatari inaongezeka, kwa hiyo asiseme "nilishapona, nikipata tena nitameza tena". Hata hivyo wasitishane. Wengi waliowahi kuugua wanazaa kama kawaida, hasa waliowahi matibabu.

Wafundishe hili hata kama mengine watayasahau: hedhi imepita tarehe, maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu au kuzirai, wakati mwingine na maumivu ya ncha ya bega. Hapo si wa kupimwa malaria kwanza wala kupewa diklofenaki alale. Ni kupima ujauzito na kukimbizwa penye chumba cha upasuaji, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

---

Mtoto_wa_Mwanga

Wataalamu mnazunguka sana. Watu wachome sindano za seftriaksoni siku tano, vijidudu vyote kwisha. Mbona mtaani ndiyo inafanyika.

---

Dawa_na_Dozi (mfamasia)

Ndugu yangu, hata ukichoma siku kumi klamidia anabaki. Seftriaksoni ni dawa nzuri ya kisonono. Inaua kwa kuvunja ukuta wa bakteria akiwa anajengeka, na klamidia hategemei ukuta wa namna hiyo, tena kajificha ndani ya seli. Sipro nayo, ambayo ndiyo inayouzwa zaidi kwa jina la "dawa ya UTI", si ya kuaminika kwake. Hapo dada wa Kibirizi una jibu la mama wa UTI tatu: sipro inapunguza mambo siku chache, mdudu yuko palepale.

Zinazomfaa ni hizi.

Doksisaiklini miligramu 100, asubuhi na jioni, siku 7. Ni vidonge 14 kwa mtu mmoja, 28 kwa wawili. Hesabu hiyo waishike, akipewa pungufu aulize. Marekani, kituo chao cha kudhibiti magonjwa kiliiweka hii mbele ya azithromaisini tangu mwaka 2021, kwa sababu inaponya vizuri zaidi, hasa mdudu akiwa pia kwenye njia ya haja kubwa, jambo linalotokea kwa wanawake wengi bila wao kujua.

Azithromaisini gramu 1, mara moja. Ni vidonge 2 vya miligramu 500 kwa mkupuo. Na hapa ndipo "azuma imerudi" inapotoka. Pakiti inayouzwa sana ina vidonge 3 vya miligramu 500, imepangwa kwa magonjwa ya kifua, kimoja kwa siku. Wenzi wananunua pakiti moja, mama anameza viwili, baba kimoja. Au wanakata cha tatu kwa wembe, kila mtu anapata kimoja na nusu. Kwa njia ya kwanza baba kapata nusu dozi, kwa ya pili wote wawili wamepata robo tatu, na usiku huohuo wako kitanda kimoja. Mwezi ukiisha wanasema ni sugu. Usugu wa klamidia kwa dawa hizi ni nadra mno. Anayerudi karibu kila mara amerudishwa na mwenza, au dozi haikutimia.

Namna ya kumeza doksi, maana inaachwa siku ya tatu kwa sababu ya maudhi yanayozuilika:

Inamezwa na chakula na glasi nzima ya maji, na asilale kwa nusu saa. Kidonge kikigandia kooni kinachoma kweli kweli, mtu anahisi donge la moto kifuani kwa siku kadhaa. Dozi ya jioni imezwe na mlo wa jioni, isisubiri kitandani.

Isiendane na maziwa, vidonge vya kuongeza damu, wala dawa za kutuliza kiungulia. Kalsiamu, chuma na magnesiamu huishika dawa tumboni isiingie kwenye damu. Maziwa aweke umbali wa saa 2. Vidonge vya damu, kama hali inaruhusu, avisimamishe hizo siku 7, au aachanishe saa nyingi.

Jua. Doksi inaifanya ngozi iungue haraka. Kwa mama anayegeuza dagaa mchangani tangu saa 3 asubuhi hili ni kubwa: uso, shingo na mgongo wa mkono vinaweza kuwaka na kubabuka. Mikono mirefu, kofia pana au mtandio, au ageuze dagaa asubuhi mapema na jioni wiki hiyo. Asiyeweza kulikwepa jua aseme mapema, apewe azithromaisini.

Akitapika ndani ya saa 1 baada ya azithromaisini, arudie dozi. Doksi haivunji nguvu ya majira wala sindano ya uzazi wa mpango. Mwenye kitanzi hakuna haja ya kukitoa kwa sababu ya klamidia.

PID ni dozi nyingine kabisa: sindano ya seftriaksoni, doksi siku 14 na metronidazo siku 14 kwa pamoja, na mgonjwa aonwe tena baada ya siku 3. Asiyepata nafuu kwa siku hizo, mwenye homa kali, anayetapika dawa au mjamzito, alazwe. Mtu asijitibu PID kwa vidonge 14 vya klamidia.

---

Mkunga_Ujiji

Niongeze ya wajawazito, halafu niseme la ndoa.

Mjamzito hapewi doksi, inaathiri meno na mifupa ya mtoto. Dawa yake ni azithromaisini gramu 1 mara moja. Isipopatikana, amoksilini miligramu 500 mara 3 kwa siku, siku 7. Yeye ndiye pekee tunayempima tena kuhakikisha amepona, na si kabla ya wiki 4 kupita, kwa sababu kipimo cha vinasaba kinaweza kuokota mabaki ya wadudu waliokwisha kufa. Wengine wote wanarudi kupimwa baada ya miezi 3, kuangalia kama wameambukizwa upya.

Akina mama wanaamini kuwa wakishatolewa damu hudhurio la kwanza wamepimwa kila kitu. Si kweli. Kaswende, VVU, damu na mkojo vinapimwa, klamidia haimo kwenye orodha ya kawaida ya kliniki. Mwenye damu baada ya tendo, uchafu wa njano, au ambaye mume ana dalili, aseme mwenyewe.

Isipotibiwa inaweza kuleta chupa kupasuka mapema na mtoto kuzaliwa njiti. Mtoto akipita njiani anaipata machoni au kifuani. Macho huvimba na kutoa usaha kati ya siku ya 5 na ya 14 hivi baada ya kuzaliwa, wakati mama ameshasahau wodi. Macho ya gono huja mapema zaidi, siku 2 hadi 5, na yanaharibu kwa kasi. Yote mawili ni ya kukimbizwa. Yale mafuta ya tetrasaiklini tunayopaka mtoto akizaliwa hayatoshi kuzuia klamidia, na yakishaanza usaha matone ya dukani hayatoshi pia; mtoto anahitaji dawa ya kunywa kwa wiki mbili, kwa uzito wake. Maziwa ya mama kukamuliwa machoni, muwaambie kwa upole waache. Kifuani inaonekana mtoto akiwa na mwezi mmoja hadi mitatu: kikohozi cha kukatakata, anapumua haraka, na mara nyingi hana homa.

Kuna mama atakuuliza kama klamidia ni ndugu wa vikope vinavyopofusha. Ni bakteria wa jamii moja, koo tofauti. Ile ya vikope inasambaa kwa tongotongo, vidole, kanga ya kufutana na inzi. Ya kizazi ni kwa ngono, na kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Choo cha shimo, ndoo ya kuogea na kiti cha bodaboda havihusiki.

Sasa la ndoa. "Mimi nimeipata wapi?" ni swali linalovunja nyumba, na kipimo hakilijibu. Angalau nusu ya wanaume wenye klamidia hawana dalili, na ikikaa bila dawa inaweza kudumu mwaka na zaidi. Jibu chanya linasema yupo leo. Halisemi alikuja lini wala kaletwa na nani. Inaweza kuwa ya kabla ya ndoa, kwa yeyote kati yao. Mama akienda na karatasi nyumbani aanze na sentensi hiyo, na kama anaogopa kipigo asiende peke yake na karatasi. Aombe kituo kimwite mume kwa jambo la afya ya familia. Na huyo baba "asiye na chochote" anameza dozi kamili hata akipimwa hasi, maana asipotibiwa anabaki ghala. Kwake pia si salama, inaweza kushuka kwenye korodani zikavimba.

Mengine ni mafupi. Kuosha ndani kwa ndimu, sabuni au shabu hakumtoi, kunaukwangua tu ukuta. Kondomu inazuia. Na aliyekutwa na klamidia apimwe kaswende na VVU siku hiyohiyo.

---

Mhudumu_Kibirizi

Asanteni sana, mmenijaza. Limebaki moja ambalo huku ndilo zito. Waume wa wengi ni wavuvi wa dagaa. Siku za giza, mwezi usipoangaza, wako kambini kusini mwa ziwa wiki tatu, mbalamwezi ikikomaa ndiyo wanarudi nyumbani siku chache. Mama amepimwa leo, baba yuko kambini. Amsubiri?

---

Tabibu_wa_Nzega

Asimsubiri hata siku moja. Mama ameze leo. Akiwa peke yake hakuna wa kumrudishia, na kila wiki ya kungoja ni nafasi ya mdudu kupanda.

Ugumu ni hesabu ya siku 7 za kujizuia tendo la ndoa. Akimeza azithromaisini, anahesabu siku 7 kuanzia siku hiyo. Akimeza doksi, hadi kidonge cha mwisho. Na zinahesabiwa kwa yule atakayemaliza nyuma. Baba akirudi mbalamwezi ndipo aanze dawa, zile siku chache za nyumbani ndizo hasa za kujizuia, na hapo tusidanganyane, wengi watashindwa. Kwa hiyo dawa imfuate baba. Kituo kilichomtibu mama kina karatasi ya mwaliko wa mwenza. Inaandikwa alama ya ugonjwa na tarehe, jina la mama si lazima, na mwenye karatasi anahudumiwa zahanati yoyote, hata ile iliyo karibu na kambi. Karatasi ipande mtumbwi unaopeleka unga. Aipate angalau siku 8 kabla ya mwezi kukomaa, amalize dozi hukohuko, na akiwa na mwenza kambini naye apate karatasi yake. Wahusika ni wote aliokutana nao ndani ya miezi 3 iliyopita.

Karatasi ikichelewa na baba akatua kabla ya kumeza, anakwenda zahanati asubuhi ya kwanza, wanatumia kondomu kila mara hadi siku 7 zipite tangu dozi yake, na mama anarudi kupima baada ya miezi 3. Kondomu ikipasuka au ikiachwa siku hizo, mama anaanza dozi upya, na baba naye anarudia kama mama alikuwa hajamaliza dozi yake. Mpe kila mama kikaratasi chenye tarehe mbili: ya kidonge cha mwisho cha mama, na ya kidonge cha mwisho cha baba.